Sharti la Kitisuru

Kangemi, Nairobi
18 Mei 2025

Kwa Senge wangu Nelima,

Mulembe. Huku hatujambo, ila baridi imeanza mapema na ndugu yako Sifuna, ambaye ni baba yangu lakini wiki hii ni mzigo wangu, amegoma kuvaa sweta. Anasema sweta ni za wazee. Usiku nasikia meno yake yakigongana chumba cha pili.

Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni sawa na kutangaza redioni. Tangu masikio yako yaanze kukataa kazi, lazima uweke spika, na ukiweka spika boma zima linatulia kusikiliza. Mara ya mwisho nilikuambia nina upele, na kufikia jioni Kimilili yote ilikuwa ikinitafutia dawa. Kwa hiyo chukua barua zako kwa ofisi ya basi, uzisome ukiwa peke yako.

Sasa habari yenyewe. Chuo kimenikubali, lakini nusu. Kila walichotaka nilikuwa nacho: shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, barua mbili kutoka kwa watu walionisimamia kazini, insha ya kueleza kwa nini nataka uzamili wa ustawi wa jamii, na mahojiano ambayo nilitoka nimelowa kwapani. Shida ni kwamba nilisomea ualimu. Aliyesomea kitu kingine ana sharti moja zaidi: lazima kwanza afanye mafunzo ya nyanjani chini ya msimamizi, na ripoti ije safi, ndipo asajiliwe Septemba. Ripoti ikija na doa, hawakuchukui.

Nimepelekwa Kitisuru, kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake waliokimbia waume wanaowapiga. Haina bango. Unapita kitalu cha maua, unaingia kushoto, halafu unaona lango jeusi lenye mkaratusi uliokatwa nusu. Mlinzi anaitwa Kimanzi, mtu wa Mwingi, anayekagua mikoba ya wote, hata ya Wamucii ambaye ndiye bosi wake na msimamizi wangu. Siku ya kwanza niliapa kwa maandishi kwamba la humo ndani halitoki nje. Niliweka sahihi taratibu nikajiona daktari.

Ndiyo maana sitakutajia jina la mtu. Lakini hili lazima nikuchekeshe nalo. Yuko dada mmoja Mhindi, mpole, haongei sana. Siku yake ya kwanza aliingia jikoni akauliza, "Hakuna murere?" Mpishi alimtazama. Alipopikiwa huo mrenda akaonja, akasema, "Hii haina musherekha. Imekuwa kama dawa ya kikohozi." Senge, Mhindi wa Nairobi anayejua chumvi ya majivu ya maharagwe. Na ugali wa wimbi anaukanda mkononi vizuri kuliko mimi. Nilicheka mpaka nikasahau kilichomleta pale.

Niombee ripoti.

Mtoto wako,
Nakhumicha

*

Kimilili
2 Juni 2025

Mwanangu Nakhumicha,

Mulembe muno. Nimepokea barua yako, na kijana wa ofisi ya basi aliniuliza kama ni ya mchumba. Nikamwambia ndiyo, ana gari. Hapa mvua inanyesha vizuri na mahindi yamefika kiunoni. Mwambie Sifuna avae sweta, mimi ni mkubwa wake na nimesema.

Nimefurahi sana kuhusu chuo. Mimi niliishia darasa la saba, nikaja huko Nairobi kulea watoto wa watu, na sasa mtoto wa ndugu yangu atakuwa na shahada mbili. Jumapili nilisimama kanisani nikatangaza. Nilijua ungekasirika ndiyo maana nilitangaza kabla ya kukuandikia.

Fanya kazi uliyopewa na usijibizane na huyo bosi. Wewe una mdomo, umeutoa kwa mama yako.

Jambo dogo tu. Huyo dada wa murere, ana kovu chini ya kidevu, kama mtu aliyegonga ukingo wa ngazi akiwa mtoto? Nauliza tu.

Senge wako,
Nelima

*

Kangemi
14 Juni 2025

Senge,

Mulembe. Baba amerudi kwao Misikhu na sweta yangu nzuri, ile ya kijivu. Alisema ni ya kumlinda na vumbi la safari.

Ndiyo, ana kovu. Umejuaje? Niliposoma swali lako nilikaa kitandani nikaweka mikono kichwani. Usiniambie ni yule mtoto uliyemlea Muthangari. Miaka yako ya Nairobi hupendi kuizungumzia, najua tu kwamba ulikuwa yaya kwa Wahindi na kwamba ulirudi nyumbani ghafla, kwa hiyo haikunipitia akilini. Lakini ni nani mwingine angemfundisha Mhindi kula musherekha?

Kisheria nilipaswa kumwambia Wamucii kwamba namjua mtu anayemjua mteja wetu, wanihamishie kazi nyingine. Sikumwambia. Wangenitoa Kitisuru, na mafunzo yangeanza upya mahali pengine, na Septemba ingenipita. Na dada mwenyewe sijamwambia kitu. Juzi alicheka mara ya kwanza, tulikuwa tunakunja shuka. Nilitaka sana kumwambia mimi ni wa kwa Nelima. Nikaumeza ulimi.

Haya yabaki kwako, Senge. Nakuamini kuliko kiapo.

Nakhumicha

*

Kangemi
13 Julai 2025

Senge,

Mulembe. Natumaini u mzima. Nimeenda ofisi ya basi mara kadhaa sikukuta kitu kutoka kwako, nikadhani labda ni mvua imekata barabara.

Ijumaa walikuja. Mimi nilikuwa dirishani juu. Gari jeupe lilisimama langoni, akashuka mama wa Kihindi mwenye nywele nyeupe, akashuka kijana wake, halafu akashuka mume. Tulijua ni mume kwa sababu dada alipochungulia nyuma yangu alikaa chini sakafuni pale pale, akajikunja. Yule mama alikuwa analia anashika vyuma vya lango. Mume alikuwa mpole. Alimwambia Kimanzi, "Boss, fungua tu tuongee. Mimi si mtu mbaya." Kimanzi akamjibu, "Hapa hakuna mtu wako, mzee. Rudisha gari." Hakufungua. Yule mume hata hakupandisha sauti, alisema tu, "Mtu wenu mwenyewe ndiye ametuambia." Kisha wakaondoka.

Kabla ya giza dada alihamishwa. Wale wanawake wengine wote wanalala na viatu miguuni tangu siku hiyo.

Kimanzi amesimamishwa kazi. Yeye ndiye anayekaa langoni na simu, ndiye anayeongea na wapita njia, kwa hiyo wamemtazama yeye. Jumamosi alikuja kuchukua redio yake ndogo. Aliniambia, "Madam, mimi sijaongea na mtu. Hii gate najua vile inafaa kufungwa." Nilimwambia pole.

Sikuulizi kitu, Senge. Nakuambia tu yaliyotokea.

Nakhumicha

*

Kimilili
27 Julai 2025

Mwanangu,

Mulembe. Sisi ni wazima. Ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike, miguu mizuri, anafanana na babu yake aliyeuzwa. Paa la kanisa limemalizwa upande wa wanaume, upande wetu bado linavuja, na mchungaji anasema subira. Mke wa Haron jirani amerudi kwa mumewe mara nyingine. Mahindi yanaanza kukauka, tutavuna vizuri Mungu akipenda. Mkono wangu wa kulia unauma kidogo, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Kula vizuri. Nairobi baridi ya Julai si ya kuchezea.

Senge wako,
Nelima

*

Kangemi
3 Agosti 2025

Senge Nelima,

Barua yako nimeisomea pale pale kaunta ya ofisi ya basi, River Road, watu wakinisukuma na mizigo. Niliigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa mwingine. Ndama, paa, mke wa Haron. Wewe ambaye kifaranga kikikosekana unazunguka boma na tochi, hukuuliza hata kama yule dada yu salama.

Basi nauliza mimi. Ulimwambia nani?

Nakhumicha

*

Kimilili
12 Agosti 2025

Mwanangu Nakhumicha,

Nimeandika barua hii na kuichana mara nyingi. Mulembe, kama bado unaipokea kutoka kwangu.

Nilimwambia mama yake.

Machi, kabla hujaenda Kitisuru, Mama Vidya alinipigia simu. Tangu niondoke kwake hakuwa amenitafuta, hata nilipofiwa. Alikuwa analia. "Nelima, baby ametoroka, hajakuja kwako?" Nilimwambia hajafika, na kweli hakuwa amefika. Alinisihi nikisikia lolote nimwambie. Halafu ikaja barua yako ya murere. Reshma nilimpokea mikononi mwa mkunga, Nakhumicha. Alijifunza kutembea akishika leso yangu. Hilo kovu ni siku nilipoacha mlango wa ngazi wazi.

Nilijizuia. Kisha ulipothibitisha kovu, nilienda na simu hadi kwenye migomba, mbali na boma, nikaweka spika ya chini. Nikamwambia, usilie Mama, mtu wa humo ndani ameniambia, mtoto yuko Kitisuru, nyumba yenye lango jeusi na mkaratusi uliokatwa, anakula vizuri. Nilidhani mama ni mama. Sikufikiri kwamba angemwambia kijana wake Aman, na Aman amwambie shemeji yake, huyo mume. Hapana, nisikudanganye. Nilifikiri kidogo, nikalisukuma hilo wazo pembeni. Kwa sababu aliniambia, "Asante Nelima, bila wewe hii nyumba haingewahi kusimama." Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu. Siku hiyo nilipika kuku. Nikikumbuka huyo kuku naona haya mpaka masikio yanawaka.

Sasa nisikilize. Usiseme. Hakuna anayejua isipokuwa wewe na mimi, na Vidya hawezi kunitaja, atajiaibisha. Kimanzi ni mlinzi, malango Nairobi ni mengi, atapata lingine. Wewe mlango wako ni huo mmoja. Wanawake wa kanisa wameshaniuliza nguo nitakayovaa siku yako ya kuhitimu. Nyamaza tu mpaka Septemba.

Naona aibu kuandika hivi na bado nimeandika.

Senge wako

*

Kangemi
24 Agosti 2025

Senge,

Mulembe. Baba amenipigia, anasema sweta imebana kwenye kwapa na nimtumie kubwa zaidi.

Jumatano walituita sote ofisi ya mjini, ghorofa ya juu, lifti ilikuwa mbovu. Alikuwepo Wamucii, na kutoka chuoni alikuja Dkt. Omollo anayesimamia wanafunzi wenye masharti. Kimanzi pia aliitwa. Alikuja amevaa suti ya kanisani, na tai, na viatu amepiga kiwi mpaka pembeni. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Walimuuliza tena, akajibu tena kwa maneno yale yale. Wamucii akasema, "Kimanzi, sisi hatusemi ni wewe. Tunasema tu hatujui ni nani mwingine." Yeye akasema, "Hata mimi Madam, ningekuwa nyinyi ningefikiria ni mimi."

Kisha wakanigeukia. Je, nimeona lolote? Nikasema sijaona. Namshuku nani? Nikasema sijui. Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa, Senge, sauti ya darasani. Dkt. Omollo akafungua ripoti yangu akasema ni mojawapo ya safi alizoona mwaka huu. Nasajiliwa tarehe kumi na tano.

Kuna kitu sikukuambia Julai. Yule dada kabla ya kupanda gari alisimama mbele ya kila mmoja wetu, mpishi, msafishaji, hata wanawake wenzake, akimuuliza kila mtu, "Ni wewe?" Alifika kwangu. Tulikuwa tumekunja shuka pamoja tena siku mbili kabla. Nilimwambia, "Hapana." Na wakati huo nilikuwa tayari najua. Niliposikia maneno ya mume nilijua. Swali la kovu lilinijia hapo hapo dirishani, na nikasema hapana.

Nimekutii. Sasa naomba usiniandikie kwa muda.

Nakhumicha

*

Kimilili
9 Septemba 2025

Mwanangu Nakhumicha,

Umeniambia nisiandike na ninaandika. Utanisamehe au utaacha.

Niliposoma habari za ile suti sikuweza kula. Mtu hupiga kiwi viatu vyake aende kusimama mbele ya watu na kusema ukweli ambao hawataamini, na mimi nimekaa hapa nachambua maharagwe. Nilimwaza mke wake akimfunga tai. Sijui kama ana mke. Nilimwaza tu.

Jumatatu iliyopita nilipanda basi nikaja Nairobi. Sikukupigia. Ungenizuia, au mbaya zaidi usingenizuia. Nilipanda zile ngazi nikipumzika kila ghorofa, nikamkuta Wamucii. Nilidhani ni mtu mkubwa, kumbe ni msichana. Nilimwambia, "Mimi ndiye nilisema. Yule askari wenu hajui kitu." Akaniuliza nilijuaje mahali. Nilikuwa nimepanga njia nzima kusema nilisikia sokoni. Nikamtazama, nikaona atajua. Nikasema ni Nakhumicha, kwa barua.

Nimekuvunjia ulichojenga mara mbili, kwanza kwa mdomo wa mapenzi na halafu kwa mdomo wa ukweli. Kanisani sijaenda tangu nirudi. Wataniuliza, na sijui nianzie wapi.

Nilipita Muthangari pia. Ya huko sitayaandika.

Sikuombi kitu kingine ila hiki. Reshma yu mzima? Sitaki kujua alipo. Niambie tu yu mzima. Neno moja linatosha, kisha hata usiniandikie tena.

Nelima

*

Kangemi
28 Septemba 2025

Senge,

Mulembe. Nimechelewa kujibu. Baba alikuwa hapa, kifua kilimbana, sasa ni afadhali. Anavaa sweta mbili.

Dkt. Omollo aliniita chuoni kabla ya siku ya usajili. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mengi, kwamba sikutaja jina, kwamba nilikuamini, kwamba wewe ndiye uliyemlea. Alinisikiliza yote. Kisha akasema, "Nakuuliza kitu moja tu. Kabla shangazi yako akuje, ulikuwa umeambia mtu?"

Nilisema hapana.

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Akaniambia kuvunja usiri kungeweza kusameheka, wanafunzi huteleza, ndiyo maana wanasimamiwa. Lakini nilimwacha Kimanzi akae kwenye kile kiti. Nafasi yangu imeondolewa. Nikitaka kuomba tena mwaka mwingine hakuna anayenizuia, ila ripoti mpya yenye haya yote itaambatana na maombi yangu, na insha nitaandika upya. Nilimwambia asante. Nilipotoka nje mjini watu walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma barabarani kama siku yoyote, na mimi sikujua niende upande gani.

Juzi nilienda Kitisuru kurudisha kitambulisho. Kimanzi amerudishwa kazini. Alinifungulia lango, akanikaribisha, na nilipotoka akakagua mkoba wangu kama kawaida, mpaka mfuko wa ndani. Nilimwambia yote niliyopaswa kumwambia Agosti. Aliufunga mkoba zipu vizuri akanirudishia. Akasema, "Nimesikia, Madam." Bado ananiita Madam. Ningependa angenitukana.

Nimerudi kufundisha darasa la nne. Wewe sina hasira nawe. Nilikuwa nayo, nikaitafuta nikakuta imebaki yangu mwenyewe. Ulipanda zile ngazi kwa magoti yale, na mimi niliyekuwa nazipita kila wiki kupeleka ripoti sikufungua mdomo. Nenda kanisani. Waambie ukweli au waambie tu kwamba mambo yalikwama, lakini nenda, usikae nyumbani na maharagwe.

Sasa hilo ulilouliza, kama yu mzima. Nimeona ulivyoliandika, kalamu imekandamiza hadi karatasi imetoboka. Najua unachosubiri, na najua utaifungua barua hii pale pale kaunta, hutangoja kufika nyumbani.

Niliapa la humo ndani halitoki nje: kama ninalo hilo neno, Senge, sikupi. Na kama sina, sitakuambia kwamba sina.

Mtoto wako,
Nakhumicha